Furushi Mlangoni

Haya ninayoyasimulia hayakumkuta rafiki wa rafiki. Yalimkuta mdogo wangu wa tumbo moja, na mikono iliyokaribia kummaliza ilikuwa hii yangu. Ukitaka kucheka, cheka mwanzoni. Huko mbele sijui kama utaweza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, niko kwenye kantini yangu nahesabu sahani, simu ikalia. Alikuwa jirani yetu wa nyumbani, mama muuza mkaa.

"Mwanangu, njoo umwone mdogo wako. Siku ya tatu leo sijamwona hata dirishani. Nyumba inamla."

Mama alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Nilikwenda kuzika, nikakaa wiki moja, nikarudi kazini. Mdogo wangu, kifunga mimba wetu, ambaye tangu utotoni tulimwita Kibonge kwa mashavu yake, alibaki peke yake kwenye nyumba ileile alimomuuguza mama miaka miwili. Yeye ni fundi rangi, na aliacha brashi zake zikauke ili amgeuze mama kitandani. Mimi nilikuwa napiga simu Jumapili. Nalisema hili mapema ili usije ukanionea huruma pasipostahili.

Nikachukua magunia kumi, mifagio miwili, sabuni ya unga na glavu za mpira, nikapanda basi. Mimi ni mtu wa ufagio. Huzuni ya mtu huwa naianzia sakafuni.

Kwanza nikueleze kazi ya mama, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mama alikuwa dobi. Alifulia watu nyumbani, kwa mikono, miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyekunja shati kama yeye. Alifunga vifungo vyote, akalilaza chali, akaleta mikono mbele na kuipishanisha kifuani. Kisha akakunja mara mbili kutoka chini, na mwisho akalipiga kwa kiganja. Kap, kap. Mara mbili, si zaidi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini mikono iwe kifuani, akasema shati nalo linahitaji kupumzika. Nguo zilizokunjwa zilipangwa kwenye benchi la mlangoni, juu ya shuka lililotandazwa, mpaka zitimie. Zikitimia, pembe nne za shuka zinafungwa fundo moja, na hapo mama hagusi tena. "Ikishafungwa fundo si yangu," alikuwa anasema. "Ni ya anayekuja kuichukua." Nasi watoto tulikuwa tunajua: fundo likifungwa, muda si muda mwenye nguo anabisha hodi.

Nilipofika, mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha bega. Nilisukuma, kitu laini kikasukuma nacho kutoka ndani, nikaingia kwa ubavu.

Jamani. Nimeona stoo za watu, nimeona majalala, lakini ile sebule ilinifunga mdomo, na si rahisi kunifunga mdomo. Nguo za wateja ambao hawakurudi baada ya msiba zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa dirisha. Mashuka, mapazia, sare za shule, ndoo ndani ya ndoo, maboksi ya dawa za mama, magazeti, sahani zenye ukungu wa kijani. Mlango wa chumba cha mama haukuonekana kabisa. Rundo lilikuwa limeuziba kutoka sakafuni mpaka darini. Katikati ya yote kulikuwa na kinjia chembamba, upana wa mguu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka chooni.

Kwenye kiti alikuwa ameketi Kibonge. Yale mashavu hayakuwepo tena.

"Umekuja," alisema. Alinong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa amelala.

"Nimekuja. Umekula lini?"

"Jana. Au juzi."

"Na hii nyumba, Kibonge?"

"Naiona, dada. Usidhani siioni. Kila asubuhi nasema leo nitaanza na kikombe kimoja. Basi nakiangalia kile kikombe. Nakiangalia mpaka jua linazama."

Mtu mwenye akili angekaa chini hapo, amshike mkono. Mimi nilivaa glavu. "Basi nitaanza mimi," nikamwambia.

Nilifanya kazi kama punda. Kufika saa sita nilikuwa nimejaza magunia saba na kuyapanga nje, na mama muuza mkaa alikuwa akichungulia na kutikisa kichwa. Lakini nikirudi ndani, chumba ni kilekile. Nainua shuka, chini yake kuna shuka. Naondoa rundo la mapazia, nageuka kufunga gunia, nikigeuka tena rundo linanifikia kiunoni. Nikajiambia ni uchovu. Kibonge alinitazama muda wote kama mtu anayeng'olewa meno.

"Usimalize, dada," alisema hatimaye.

"Nisimalize nini?"

"Ukiondoa vyote, atakunja nini?"

Nikasimama na shati la mtu mkononi. Ndipo nilipoliona benchi la mlangoni. Nilikuwa nimelipita tangu asubuhi bila kulitazama, kwa kuwa ndilo kitu pekee mle ndani kilichokuwa mahali pake. Shuka jeupe limetandazwa. Juu yake nguo zimekunjwa, zimepangwa, ukingo kwa ukingo. Mashati yote yalikuwa na mikono kifuani.

"Nani amekunja hizi?"

"Unajua nani."

"Kibonge."

"Saa tisa," alinong'ona. "Jua likiingia kwa lile dirisha dogo, nasinzia. Siwezi kujizuia. Nikiamka kuna moja imeongezeka. Mimi nazitupa chafu, dada, na pale zinafika safi. Nusa."

Nilinusa. Sabuni ya mche, ile ya mama, na joto la nguo iliyotoka juani.

"Alianza wiki ile ulipoondoka," akaendelea. "Ndiyo maana siwezi kusafisha. Nikisafisha atakosa kazi. Akikosa kazi hatakuja."

Nitasema ukweli, machozi yalinilenga. Nilidhani nimeelewa kila kitu. Nikajiambia: masikini, anakunja mwenyewe halafu anasahau, akili imechoka. Ila kulikuwa na kajiwe katika kiatu changu. Kibonge hajawahi kujua kukunja. Mama alimfundisha mpaka akakata tamaa, na kila shati alilolikunja lilitoka kama kabichi.

Nikaanza kuzipekua kutoka juu. Ovaroli yake yenye matone ya rangi. Shati lake la Jumapili. Chini yake sare yake ya sekondari, ambayo mama aliigawa miaka mingi iliyopita. Chini zaidi, kaptula ya shule ya msingi yenye kiraka nilichokishona mimi. Kisha kifulana cha mtoto mchanga, kidogo kama kiganja. Nguo za nusu ya mtaa zilijaa mle ndani, na pale benchini hapakuwa na hata moja ya mteja. Zote zilikuwa zake.

Sikwenda mpaka chini. Nilizirudisha kama zilivyokuwa.

Nilimlazimisha Kibonge kuoga. Nilimvua lile shati alilokuwa nalo mwilini, ambalo nadhani hakuwa amelivua mwezi mzima, nikalifua, nikalianika nje. Alikataa katakata kupewa nguo kutoka kwenye benchi, basi akajifunga shuka, akarudi kitini na hilo shuka lake. Nikampa uji. Alikunywa vijiko vinne, akasema anatosheka.

Saa tisa ilinikuta nje naanua lile shati. Lilikuwa limekauka vizuri. Niliingia nalo ndani huku nikiwaza mambo mengine: nimpeleke hospitali gani, nani atanishikia kantini Jumatatu. Jua lilikuwa limeshaingia kwa lile dirisha dogo. Kibonge alikuwa amesinzia. Nikakaa ukingoni mwa benchi nipumue.

Mikono ya mtoto wa dobi haiulizi. Nilifunga vifungo. Nikalaza shati chali. Nikaleta mikono mbele, nikaipishanisha. Nikakunja mara mbili, nikaliweka juu ya mengine, na kwa kuwa lilikuwa la mwisho, nikashika pembe nne za shuka nikafunga fundo. Nikapiga kwa kiganja.

Kap, kap.

Kutoka chumbani kwa mama, nyuma ya rundo, nikajibiwa.

Kap, kap.

Sikugeuka. Nilitazama mkono wangu juu ya lile furushi. Nikajiambia ni mama muuza mkaa anakung'uta gunia. Kisha nikasikia miguu. Miguu peku, iliyolowa, juu ya saruji. Chap. Ikatulia. Chap. Rundo lililoziba ule mlango likaanza kuporomoka. Si kwa kishindo. Nguo moja iliteleza kutoka juu. Ikafuata nyingine. Taratibu, kama mtu anazitoa kwa mkono na kuziweka pembeni, asizichafue.

Kibonge alikuwa amesimama.

Tangu asubuhi sikuwa nimemwona akisimama bila kushika ukuta. Sasa alikuja kwenye kile kinjia akiwa na shuka lake jeupe, mwepesi, anatabasamu. Akaketi kwenye benchi upande wa pili wa furushi.

"Umefunga," alisema. "Asante, dada. Nilidhani hutakuja kumsaidia kabisa."

"Kibonge, toka hapo."

"Alikuwa anakungoja wewe. Mimi sijui kukunja."

Akafumba macho. Akaleta mikono yake mbele, akaipishanisha kifuani, na kichwa chake kikaegemea ukuta. Nilimshika shingo. Ilikuwa ya baridi. Sio baridi ya mtu aliyetoka kuoga. Niliweka sikio mdomoni mwake nikangoja pumzi, nikangoja, nikangoja tena, ikaja moja ndogo, ikakatika.

Ndipo akili yangu ngumu ilipofunguka. Zilikuwa zimetimia. Fundo limefungwa. Na anayekuja kuzichukua alikuwa anakuja.

Chap.

Nilirukia lile fundo. Nimefunga mwenyewe, fundo la kawaida, halikufunguka. Lilikuwa limelowa. Limekaza kama mzizi. Nikavunja kucha. Nikaling'ata. Mdomo ukajaa ladha ya sabuni. Nyuma yangu nguo ziliteleza, moja, moja. Chap. Karibu zaidi. Sikuthubutu kutazama. Niling'ata mpaka fizi zikatoa damu, na fundo likalegea.

Nikamwaga kila kitu chini. Ndoo yangu ya kupigia deki ilikuwa pale, maji meusi tititi. Nikaitumbukiza ovaroli. Nikalitumbukiza shati la Jumapili. Nikachukua lile shati la mwisho, nililolifua mwenyewe, nikalisugua sakafuni kwenye uchafu wa miezi mitano. Nikapiga kelele, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

"Hajatakata, mama! Mtazame! Huyu bado hajatakata!"

Chap.

"Ana madoa! Hajala, hajalia, hajamaliza! Wewe hutoi nguo yenye doa, mama, wewe hujawahi!" Nilikuwa nalia kamasi. "Mimi ndiye niliyekukimbia. Nigombeze mimi. Huyu muache."

Miguu ikakoma. Palikuwa na harufu ya sabuni ya mche sikioni mwangu, karibu kiasi kwamba ningegeuza shingo ningeigusa. Kisha nikasikia pumzi. Niliijua. Ndiyo ile aliyokuwa akiishusha mama akikuta doa alilolipita, na inabidi arudie tangu mwanzo.

Kibonge akavuta hewa kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mikono yake ikaanguka kutoka kifuani. Akaangalia zile nguo sakafuni, akaniangalia mimi na damu yangu mdomoni, na akaanza kulia. Miezi mitano hakuwa amelia. Alilia mpaka jua likatoka kwenye lile dirisha, na mimi nimemshika, naye hana mashavu, ana mifupa tu. Nilipopata ujasiri wa kutazama nyuma, mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Nguo zote zilizouziba zilikuwa zimepangwa pande mbili, safi, ukingo kwa ukingo.

Jioni ileile nilimpeleka kwangu. Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni sonona, akaeleza kwamba si uvivu wala si mapepo, na akampa dawa na siku za kwenda kuzungumza. Nami naamini kila neno la daktari yule. Sikumwambia habari ya benchi, na sijisikii kuwa nilimdanganya.

Nyumba tuliimaliza kwa mwezi mmoja na nusu, kila Jumamosi, asubuhi tu, tukiondoka kabla ya saa nane. Kibonge ndiye aliyekuwa anaamua. Siku ya kwanza aliondoa kikombe kimoja. Nilinyamaza, na kunyamaza ni kazi ngumu kwangu kuliko magunia. Siku ya pili aliondoa maboksi yote ya dawa. Mama muuza mkaa alitafuta wateja mtaa mzima, nguo zikarudi kwa wenyewe.

Ila kuna kitu sikumwambia mama muuza mkaa. Siku ile nilipokusanya zile nguo za Kibonge kutoka sakafuni, kulikuwa na moja iliyokuwa chini kabisa, pale ambapo sikufika nilipopekua. Haikuwa yake. Lilikuwa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Nililinunua mimi, nikalipiga pasi mimi, na nilimvisha mama kwa mikono yangu siku tuliyomzika.

Lilikuwa limefuliwa. Lilikuwa bichi, linadondosha maji.

Mtoto wa dobi hatupi nguo mbichi. Nililianika nyuma ya nyumba yangu, mwisho wa kamba, nikidhani Kibonge hatafika huko. Alifika kesho yake. Nilimkuta amesimama mbele yake, hana hofu hata chembe.

"Ataondoka likikauka," alisema. "Hawezi kusafiri na nguo mbichi."

"Ataondoka peke yake?"

Alilishika pindo, kama anapima limebakiza muda gani.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla hajaamka, nilichota kopo la maji nikalimwagia lile gauni kuanzia kola mpaka pindo. Nicheke ukitaka. Nilifanya hivyo mvua ikinyesha, nilifanya hivyo nikiwa na homa. Miezi minne. Kibonge alianza kula. Mashavu yakaanza kurudi, kwanza la kushoto, nikamtania kwamba la kulia limekwama njiani. Alinunua brashi mpya. Akapata kazi ya kupaka rangi shule nzima, madarasa kumi na mbili.

Juzi nikasahau. Kantini ilikuwa na wageni, niliamka kwa mbio, nikatoka, Kibonge alikuwa ameshaondoka kabla yangu. Nilifunga geti mwenyewe, na ufunguo wa lile geti ni mmoja tu. Saa tano, mwiko mkononi, nikakumbuka. Nje jua lilikuwa linachoma. Nilimpigia Kibonge mara sita, hakupokea. Niliacha sufuria jikoni, nikakimbia.

Geti lilikuwa limefungwa. Nikafungua, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mashuka niliyoyaanika jana yake yalikuwa yamekauka hadi yamekakamaa. Kopo lilikuwa limeinamishwa juu ya ndoo, kavu, lina vumbi. Na mwisho wa kamba, lile gauni lilikuwa limelowa chepechepe, kuanzia kola mpaka pindo, maji yanachuruzika, na udongo chini yake umekuwa tope. Kwenye tope hapakuwa na alama ya mguu wowote.

Nilikaa chini palepale nikalia, na sikujua nalia kwa woga au kwa kitu kingine.

Kibonge alirudi saa kumi na moja, rangi ya bluu kwenye nywele. Simu, alisema, ilikuwa ndani ya begi. Alipita nyuma kunawa, akasimama kidogo pale kwenye kamba.

"Bado bichi?" aliuliza.

"Bado."

"Haya." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Dada, kuna chakula? Nina njaa kweli leo."